Maswali na majibu: Mbayuwayu-mti, ndege asiyelala peke yake

Katika toleo lililopita tulimgusia Artamus cyanopterus, ndege wa mashariki na kusini mwa Australia ambaye hapa tunamwita mbayuwayu-mti. Maswali yamemiminika, nami nimechagua machache.

Naishi Melbourne. Jioni moja ya Aprili, baridi imekaza, niliona ndege wamerundikana kwenye shina la mkalitusi kama bumba la nyuki. Walikuwa wagonjwa?

Wazima kabisa, walikuwa wanatafuta joto. Jua likikaribia kuzama, mmoja hutua pahali pa shina palipokingwa na upepo, mara nyingi penye ufa au gome lililobonyea. Wa pili humjia ubavuni, kisha wa tatu. Wanaochelewa hutua juu ya migongo ya wenzao na kujipenyeza humo humo, huku waliotangulia wakinung'unika. Kundi laweza kuwa la ndege kumi tu, au likapita mia.

Sababu ni rahisi. Ndege wa gramu 35 hivi hupoteza joto upesi usiku wa baridi, na akibanwa na wenzake kila upande, sehemu ya mwili inayopigwa na upepo inabaki ndogo sana. Wengi wa kusini huhamia kaskazini majira ya baridi yanapoingia, kwa hiyo huenda uliwakuta wakijiandaa na safari au wamo njiani.

Ila usidhani baridi peke yake ndiyo inayowakusanya. Hata mchana wa jua kali utawaona wamejipanga bega kwa bega kwenye tawi moja, wakichambuana manyoya, na mti mzima uko mtupu. Kwangu mimi, alama ya kumtambua ni hiyo kabla ya rangi.

Pichani anafanana na mbayuwayu wetu. Ni ndugu? (Msomaji, Tanga)

Si ndugu, wanafanana kazi tu: wote huwinda wadudu angani, na kazi hiyo inataka mabawa marefu yenye ncha. Mtazame mdomo utaona tofauti. Wa mbayuwayu ni mfupi na mwembamba. Wa huyu ni mnene, wa buluu ya kijivu, na ncha yake nyeusi. Mwili ni wa kahawia iliyofifia kuelekea kijivu, mabawa ya kijivu cha buluu yenye mstari mweupe kwenye ukingo wa mbele, na mkia mweusi wenye ncha nyeupe, usio na panda. Urefu wake ni sentimita 18 hivi. Akishatua huuchezesha mkia huku na huku. Na akiwa juu huweza kuelea kwa muda bila kupiga mabawa, jambo ambalo ni wachache sana katika kundi kubwa la ndege waimbaji wanaoliweza.

Afrika wapo?

Hawapo. Jenasi ya Artamus ina spishi 11, na zote zinaishi kuanzia India na Sri Lanka, kupitia visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki, hadi Australia na Fiji. Jamaa wa mbali tunao: tiva wa vichaka vyetu, na vanga wa Madagaska.

Mimi ni mfuga nyuki wa Tabora. Anakula nyuki kama keremkerem?

Anakula, na wafugaji wa Australia wanalijua hilo, ingawa nyuki si chakula chake pekee. Hukaa kwenye tawi kavu au waya wa uzio, akaruka, akanasa mdudu, akarudi pale pale. Wadogo huwameza hukohuko angani. Wakubwa huja nao tawini. Kinachonivutia zaidi ni ulimi wake, ambao una ncha iliyochanika kama brashi. Mikalitusi ikichanua, huutumia kulamba nekta ya maua, kwa hiyo mwindaji huyu wa nyuki anakula pia chakula chao.

Kiota chake kikoje?

Hovyo kidogo. Ni bakuli la vijiti lililotandikwa nyasi laini, likiwa kwenye panda ya mti, nyuma ya gome lililobanduka au juu ya kisiki. Mayai ni matatu au manne kwa kawaida. Dume na jike huatamia kwa zamu, na mara nyingine ndege wengine wa kundi husaidia kulisha makinda.

Nimesikia wanapungua. Kweli?

Kwa dunia nzima bado hawajawekwa kwenye orodha ya walio hatarini, lakini jimbo la New South Wales limewaorodhesha. Misitu ya wazi ya mikalitusi imekatwa kwa ajili ya mashamba na malisho, na vipande vilivyobaki vimetekwa na ndege mwingine wa Australia kwao huko huko, Manorina melanocephala. Huyo ni mgomvi kupindukia: hufukuza kwa makundi karibu kila ndege anayeingia eneo lake, na hupenda hasa miti michache isiyo na vichaka chini. Hivyo anayetaka mbayuwayu-mti warudi shambani kwake asiishie kupanda miti, aache na vichaka viote chini yake. Na miti iliyokauka asiikate, maana matawi yake makavu ndiyo wanayowindia.