Maswali na Majibu: Unyayo Unainuka, Kisha Unachoka

SWALI: Baba alipata kiharusi na unyayo wake wa kulia unaburuta. Alipewa kifaa cha umeme cha kusisimua neva. Unyayo unainuka lakini unapinda kuelekea nje, na baada ya dakika chache hauinuki tena. Nimeongeza umeme, hali ni ileile. Nifanye nini?

JIBU: Kwanza rudisha umeme ulipokuwa. Kuongeza ndiko kunakozidisha matatizo yote mawili.

Tuanze na kupinda. Chini kidogo ya goti, upande wa nje, utapapasa kinundu cha mfupa. Neva hupita nyuma yake, ikauzunguka mfupa chini ya kinundu, kisha ikagawanyika: tawi moja huinua unyayo, jingine huugeuza nje. Umeme ukizidi hushika matawi yote mawili. Bandika pedi hasi (kibandiko cha ngozini kilichounganishwa na waya wa upande hasi) nyuma na chini kidogo ya kinundu, ya pili kwenye nyama ya mbele ya mguu. Unyayo ukipinda nje, sogeza hiyo ya pili sentimita moja kuelekea mfupa wa muundi, ujaribu tena. Zima kifaa kabla ya kugusa pedi. Panga pedi baba akiwa ameketi, lakini usiridhike mpaka umjaribu akiwa amesimama: goti likinyooka, ngozi huteleza na pedi huachana na neva.

Kuchoka kuna sababu nyingine. Ubongo huanza na nyuzi nyembamba za neva, zinazoendesha misuli isiyochoka haraka, na huzipokeza zamu. Umeme wa nje huwahi kuamsha nyuzi nene na zile zilizo karibu na pedi, tena zilezile, zote kwa mpigo mmoja. Ndiyo maana mwendo wa mapigo, yaani idadi yake kwa sekunde, ni muhimu kuliko nguvu. Kama kifaa kiko kwenye mapigo 40 kwa sekunde, mwombe mtaalamu wa viungo ashushe hadi 30, hata 25, mradi unyayo usitetemeke. Upana wa pigo, yaani muda linaodumu, wa mikrosekunde (sehemu za milioni za sekunde) 200 hadi 300 hutosha kuanzia. Pigo fupi hutenganisha nyuzi vizuri zaidi, ingawa hudai miliampia (nguvu ya umeme) nyingi kidogo. Hakikisha pia swichi ya kisigino, ile inayokaa chini ya kisigino kiatuni, inafanya kazi, umeme uwake kisigino kinapoinuka tu. Kifaa cha daktari Liberson na wenzake cha mwaka 1961, cha kuinua unyayo kama hiki, tayari kilikuwa nayo, na bado tunaiona ni akiba kubwa ya nguvu za misuli.

Vipo vifaa vinavyogawa kazi: pedi ndogo nne zinapokezana, kila moja mapigo 10 kwa sekunde, msuli unapata 40 ilhali kila kundi la nyuzi linapumzika. Tukiweza kuchagua, tungechagua hivyo.

Jeli ikikauka, umeme hujikusanya sehemu ndogo na kuunguza, badilisha pedi. Mwenye kifaa cha kuendesha moyo asitumie bila idhini ya daktari wake wa moyo.

SWALI: Je, kifaa hiki kinamfaa mtu ambaye neva yenyewe ya mguu imekatika?

JIBU: Hapana. Mapigo haya mafupi hupitia neva iliyo hai. Msuli uliopoteza neva hudai mapigo marefu mara mamia, kwa kifaa tofauti.