Barua isimame, jedwali lilale: kugeuza kurasa za Word kwa Python

Ofisi za klering na fowadi hapa Mombasa zina hati moja inayosumbua kila anayeiandikia programu: barua ya mbele imesimama, orodha ya makontena imelala, ukurasa wa saini umesimama tena. Yote ndani ya faili moja la Word. Mtu akikaa mbele ya kompyuta huigeuza kwa kubofya mara mbili tatu. Programu inapoitengeneza peke yake, hapo ndipo jedwali hutokea limebanwa kama samaki kwenye kapu.

Kwanza hesabu, maana ndiyo inayoamua kama kuna haja ya kulaza. A4 ni milimita 210 kwa 297. Ukiacha pambizo ya milimita 20 kila upande, ukurasa uliosimama unabakisha upana wa 170 na uliolala 257. Jedwali la safu tisa litapata takriban milimita 19 kwa kila safu likisimama, na 28 na kitu likilala. Nambari ya kontena ina herufi 4 na tarakimu 7. Kwa fonti ya pointi 9, pamoja na nafasi ya ndani ya seli, inataka kama milimita 25. Ikikosa, inakatika mistari miwili, na karani wa getini hataki kusoma nambari iliyokatika. Safu zikiwa sita, mwache Word asimamishe tu.

Sasa kosa lenyewe. Wengi wanaotumia python-docx, maktaba ya Python ya kuandika faili za Word, huandika orientation (mwelekeo wa ukurasa) kuwa LANDSCAPE, yaani uliolala, wakahifadhi, wakafungua, na ukurasa ukawa umesimama vilevile. Neno hilo ni lebo tu. Kinachougeuza ukurasa ni vipimo, na maktaba hii haivibadilishi kwa niaba yako. PHPWord, maktaba kama hii ya lugha ya PHP, hubadilishana upana na urefu yenyewe; VBA, lugha ya programu iliyo ndani ya Word, pia. Anayehama kutoka huko huja na mazoea hayo, kisha anashangaa.

```python
from docx import Document
from docx.enum.section import WD_ORIENT, WD_SECTION
from docx.shared import Mm

def simamisha(s):
    s.orientation = WD_ORIENT.PORTRAIT
    s.page_width, s.page_height = Mm(210), Mm(297)
    s.left_margin = s.right_margin = Mm(20)

def laza(s):
    s.orientation = WD_ORIENT.LANDSCAPE
    s.page_width, s.page_height = Mm(297), Mm(210)
    s.left_margin = s.right_margin = Mm(20)

hati = Document()
simamisha(hati.sections[0])
# barua hapa
laza(hati.add_section(WD_SECTION.NEW_PAGE))
# jedwali hapa
simamisha(hati.add_section(WD_SECTION.NEW_PAGE))
# saini hapa
hati.save("hati.docx")
```

Vipimo vimeandikwa wazi kwa makusudi. Utaona mifano mingi inayobadilishana upana na urefu: chukua hiki, weka kule. Siipendi. Sehemu (section, kundi la kurasa zenye vipimo vyake) ikiwa mpya hurithi vipimo vya iliyotangulia, kwa hiyo ukibadilishana mara mbili umerudi ulikoanza, na ukianzia kwenye kiolezo kilichokwisha kulazwa umekisimamisha. Tena `Document()` tupu huanza na karatasi ya Letter ya Kimarekani, milimita 216 kwa 279, si A4. Kwenye skrini hutaiona tofauti. Utaiona kwa mchapishaji, printa inapogoma ikidai karatasi ambayo dukani haipo.

Fuata mpangilio: laza sehemu kwanza, ndipo uite `add_table`. Maktaba hupima upana wa sehemu ya mwisho wakati ule ule jedwali linapoundwa, ikaugawa kwa safu. Ukiunda jedwali kabla ya kulaza, ukurasa utalala na jedwali litabaki na upana wake wa zamani, limekaa kushoto na nafasi tupu kulia. Ukitaka safu za upana tofauti, weka upana kwenye kila seli ya safu hiyo. Word husikiliza seli kuliko safu.

Ukurasa mtupu unaojitokeza una sababu mbili. Ya kwanza ni kuita `add_page_break` kabla ya `add_section`. NEW_PAGE tayari inaanza ukurasa mpya, kwa hiyo umekata mara mbili. Ya pili imejificha zaidi: vipimo vya sehemu hukaa mwisho wake, ndani ya aya tupu ambayo `add_section` huiongeza. Jedwali likijaza ukurasa hadi chini, aya hiyo inasukumwa ukurasa unaofuata. Ipunguze mara tu baada ya kuongeza sehemu: chukua `hati.paragraphs[-1].paragraph_format`, weka `line_spacing` iwe `Pt(1)`, na `space_before` na `space_after` ziwe `Pt(0)`. `Pt` nayo hutoka `docx.shared`. Usiifute aya yenyewe. Ukiifuta, sehemu hiyo inamezwa na inayofuata, na jedwali lako linasimama.

Kijajuu (header, maandishi yanayojirudia juu ya kila ukurasa) pia kina vituko vyake. Sehemu mpya hutumia kijajuu cha iliyotangulia, na tabo ya kulia (alama inayopanga maandishi yaishie hapo) iliyowekwa milimita 170 itaangukia ndani ya ukurasa wa 257. Kwenye sehemu iliyolala weka `header.is_linked_to_previous = False`, andika kijajuu upya, tabo iwe `Mm(257)`. Aya hiyo ipe mtindo wa Normal, kwani mtindo wa Header una tabo zake zitakazoidaka ya kwako njiani. Kisha fanya vivyo hivyo kwenye sehemu ya saini, la sivyo itarithi kijajuu kipana.

Kama hati itatiwa stepla upande wa kushoto, ongeza pambizo ya juu ya ukurasa uliolala ifike milimita 30, kwa sababu kwa kawaida juu yake ndiko kunakoelekea stepla. Printa nyingine huzungusha upande wa pili, kwa hiyo chapa nakala moja kabla ya hamsini.

Kabla ya kumtumia mteja, chungulia ndani ya faili. Docx ni zipu tu:

```
unzip -p hati.docx word/document.xml | grep -o '<w:pgSz[^>]*>'
```

Itoke mistari mitatu. Vipimo ni vya twipu, 1440 kwa inchi moja, kwa hiyo A4 iliyosimama husomeka `w:w="11906" w:h="16838"`. Mstari wa kati uwe kinyume chake, na uwe na `w:orient="landscape"`. Ukiwa na lebo hiyo lakini w bado ni 11906, printa haina kosa, kipimo hakikuandikwa.