Homa Ilianza Lini?

Mwaka 2004, homa ilipoenea kisiwani Lamu, mama yangu aliamka alfajiri akashindwa kukunja vidole kushika kata ya maji ya kutawadha. Zahanati tuliyomkimbilia ilimpa dawa ya malaria, na homa isipokwisha ikampa dozi ya pili, bila mtu kumtoboa kidole na kumpima. Kumbe ilikuwa chikungunya, homa ya virusi inayoletwa na mbu, na uchunguzi wa damu uliofanywa kisiwani mwaka huohuo ulikadiria kwamba watu watatu katika kila wanne walikuwa wameambukizwa. Jina hilo limetoka katika Kimakonde, nalo lina maana ya kujikunja. Mama alitembea amejikunja kwa miezi.

Tangu hapo nimewapeleka jamaa wengi kupimwa, na ushauri wangu mkubwa ni huu: andika siku na saa homa ilipoanza. Malaria ipimwe kwanza, siku hiyohiyo, kwa sababu huua haraka na dawa yake ipo. Isipoonekana, usirudi nyumbani ukidhani mambo yamekwisha. Virusi vya chikungunya na vya dengi, homa nyingine ya mbu, huwa vingi katika damu siku za mwanzo, na kipimo cha antijeni ya dengi, yaani kinachotafuta chembe za kirusi chenyewe, hufaa zaidi ndani ya siku tano hivi za kwanza. Kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza kupambana na virusi, nazo ndizo zinazotafutwa na vipimo vingine, huanza kuonekana mnamo siku ya tano. Mgonjwa aliyepimwa kingamwili siku ya pili ataambiwa hana kitu, na jibu hilo litampoteza yeye na daktari wake. Ndiyo maana mtu wa maabara anayeuliza, "Bibi, homa ilianza lini?" hakupotezei wakati.

Mweleze pia kama majirani wanaugua, na kama maji yamekaa siku nyingi kwenye mapipa na mitungi, kwa kuwa mbu wa dengi na chikungunya huuma mchana na huzaliana katika maji safi yaliyohifadhiwa. Wazee wetu walifuga samaki wadogo ndani ya birika ili wale viluwiluwi. Pipa la plastiki halina samaki. Mwaka ule wa 2004 palikuwa na ukame, na maji yalikaa sana vyomboni.

Kabla dengi haijaondolewa katika hesabu, nakuomba usikubali aspirini, ibuprofeni wala sindano ya diklofenaki, kwa sababu huongeza hatari ya kutoka damu. Parasetamoli kwa kipimo chake inatosha. Homa ikishuka kisha tumbo likauma sana, kutapika kukawa hakuishi au ufizi ukatoka damu, usingoje kuche. Wakati huo wa homa kushuka ndio ambao dengi kali hujitokeza.

Choo nacho kina saa zake. Mtoto wa dada yangu aliharisha makamasi yenye damu, nami nikakusanya choo chake baada ya sala ya alfajiri, nikakifunga kwenye kikopo, nikakifikisha maabara karibu na adhuhuri. Jibu lilikuja kwamba hakuna kitu. Siku ya tatu fundi wa maabara mmoja, ambaye bado namwombea dua, alituambia mtoto ajisaidie palepale chooni kwao. Akakipaka kingali na joto, akaniita niangalie kwenye hadubini, nikaiona amiba, kijidudu cha kuhara damu, ikijivuta polepole na chembe nyekundu za damu tumboni mwake. Amiba ya namna hiyo huacha kutembea choo kikipoa, na baada ya nusu saa hivi ni vigumu kuitambua.

Mayai ya minyoo huvumilia zaidi, ila hayatoki sawasawa kila siku. Kwa hiyo mtoto anayepauka na kuchoka, ukamshuku safura, apimwe choo cha siku tatu mbalimbali. Na kwa anayekojoa damu baada ya kuoga mabwawani huko bara, mkojo wa kutafutia kichocho uchukuliwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai yanapotoka kwa wingi.