MRI ya kichwa ikitoka safi, msichinje kuku bado

Wewe uliyeuliza kama mama yako apigwe picha ya MRI ya kichwa Nakuru au Kisumu, ni pesa ngapi, na kwamba ikitoka safi mtaachana na hii habari ya MND: hilo la mwisho limenifanya niache chai ipoe. Hamtaachana na chochote!

MND (motor neurone disease) ni ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli, za kwenye ubongo na za uti wa mgongo. MRI ya kawaida mara nyingi haioni kitu, hata kwa mtu ambaye tayari anashindwa kufunga vifungo vya shati. Inaagizwa ili kusaka magonjwa mengine yenye dalili kama hizo: uvimbe, kiharusi, uti uliobanwa shingoni. Kuna wagonjwa ambao njia za neva hung'aa kwenye picha, lakini hata wasio na MND huweza kuonekana hivyo.

Sisi hatukuambiwa. Mzee wetu alianza kwa kuburuza mguu, ndala inamtoka akivuka barabara pale Kondele, na misuli ya mkono inachezacheza yenyewe. Tukachanga, ng'ombe akauzwa, picha ikapigwa. Jamaa wa kliniki, koti limenyooshwa kuliko akili yake, akaiinua kwenye mwanga: "Ubongo safi kabisa, hapa hakuna ugonjwa wa neva." Tukala kuku. Shangazi akapeleka sadaka ya shukrani. Mimi nikatangaza kwenye grupu ya familia kwamba MND ni maneno ya Google, na binamu zangu hawajanisamehe hadi leo. Daktari wa WhatsApp, ndilo jina langu huko.

Mguu ulipozidi, jamaa yuleyule akataka picha ya shingo. Ikaonyesha diski imetokeza kidogo, kitu ambacho wazee wengi wanacho na hawajui. Mzee akapasuliwa shingo! Kidonda kikapona vizuri sana. Mguu ukaendelea kulegea, mkono ukafuata, kisha maneno yakaanza kumkwama mdomoni. Ile pesa ya upasuaji nikiikumbuka natamani kurudi kule na bakora, ila nasikia wana kamera.

Daktari wa neva tuliyempata mwishowe hakuanza na picha. Alichukua nyundo akagonga magoti, akatazama ulimi ukitetemeka ukiwa umetulia mdomoni, kisha akamfanyia EMG, sindano za kupima umeme wa misuli, mpaka kwenye mkono tuliodhani ni mzima. Ukweli ukatoka hapo: ni MND. Riluzole, dawa inayopunguza kasi ya ugonjwa kidogo, tukaianza tukiwa tumechelewa.

Kwa hiyo MRI ifanyeni, na shingo iwemo, lakini EMG na daktari wa neva haviachwi, picha iwe safi au chafu. Kuna ugonjwa mwingine wa neva unaolegeza mikono hivihivi na una matibabu. Kipimo cha umeme wa neva, ambacho kwa kawaida hufanywa pamoja na EMG, ndicho huufichua, picha ya ubongo haiuoni. Mama yako akiwa na huo halafu mkatulia kwa sababu "kichwa ni safi"?

Kabla ya kulipa, uliza nani atamfanyia EMG na lini. Wakikwambia picha inatosha, chukua faili, dai na CD ya picha zake, mshike mama mkono muondoke.