Jibu: Usipande wisteria kwenye uzio wa mbao

Usiinunue hiyo wisteria, mmea utambaao. Umeandika kwamba uzio wako huko Málaga, Hispania, ni wa mbao nyembamba, kwamba muuzaji amekuonyesha picha ya maua ya zambarau yaning'iniayo, na kwamba unataka kupanda mwezi huu wa Juni. Nilisoma mara mbili nikidhani ni mimi niliyeandika.

Muuzaji wa kitalu cha kwetu, karibu na Valencia, aliniapia kwamba mmea huo hauna shida. Kwake haukuwa na shida, maana uzio haukuwa wake. Hakuniambia kwamba wisteria hupanda kwa kujiviringisha, na kwamba kile kishina chembamba huja kuwa kinene kama mkono wa mtu mzima, huku kikizidi kukikaza kitu kilichozungukwa nacho. Mbao zangu zilipinda, misumari ikachomoka, na hatimaye upepo wa majira ya baridi ukaulaza uzio mzima juu ya michungwa ya jirani. Nililipia uzio mpya, miti ya watu na fundi wa kung'oa mizizi, ambayo hata leo inachipua. Jirani bado hunisalimia, ila kwa mkono mmoja, kwa kuwa wa pili anaushikilia uzio. Na maua yenyewe sikuyaona: mche uliooteshwa kwa mbegu waweza kupita miaka 10 bila kuchanua, na yule bwana hakuona haja ya kunitajia kwamba ipo miche iliyobebeshwa, yaani iliyounganishwa na kikonyo cha mmea mwingine, ambayo huchanua mapema zaidi.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza rangi ya ua, uliza mmea hushika kwa njia gani na utakuwa na uzito gani ukikomaa. Ile iitwayo huku jazmín estrella, yaani yasmini ya nyota, nayo hujiviringisha, lakini hukua taratibu, haipukutishi majani na hunukia vizuri; itandazie nyaya zenye nguzo zake, mbali kidogo na mbao. Bogenvilia, ambayo sisi wa pwani tumekua nayo, haijishiki yenyewe, hivyo utaifunga unapotaka wewe, mradi bustani yako haipatwi na jalidi, ule umande ulioganda kwa baridi. Lolote utakalochagua, subiri Oktoba, ili mvua za baridi ziikuze mizizi kabla ya kiangazi.

Uliuliza pia habari za mbolea na nafasi kati ya miche; wengine watakujibu. Mimi niambie kwanza nguzo zako zimezama futi ngapi ardhini.