Chewa na mkunga huwinda pamoja

Je, chewa, samaki mkubwa mwenye mdomo mpana, na mkunga, samaki mrefu mwembamba kama nyoka, ni maadui? Mara nyingi ni washirika! Chewa ana mbio kwenye maji ya wazi, lakini samaki mdogo akijichimbia kwenye ufa wa matumbawe, mdomo ule mpana haufiki. Basi humfuata mkunga pangoni na kutikisa kichwa haraka haraka mbele ya uso wake. Mkunga hutoka, wakaongozana. Penye ufa, chewa husimama kichwa chini mkia juu, akionyesha windo lilipojificha. Samaki anaonyesha kwa ishara, hebu fikiria! Mkunga hupenya ndani. Windo likichomoka, chewa yupo nje. Watafiti waliyaeleza haya mwaka 2006 kutoka Bahari ya Shamu. Kugawana hakuna: anayekamata ndiye anayemeza, tena lote zima.