Asiyeamini ni nani hapo?

Swali lenu la wiki hii, "Je, Mkristo amsimulie asiyeamini jinsi alivyookoka?", limenigusa pabaya. Jibu la haraka ni ndiyo. Uganda tumelelewa hivyo. Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ulituachia watu wa kusimama na kutaja dhambi zao mbele ya umati, na kurudisha walichoiba. Hata neno "mlokole" ni la Kiganda. Wakenya na Watanzania walilichukua kwetu.

Ila mimi naishi Bombo, mji wa kambi ya jeshi hapa Uganda, ukuta kwa ukuta na Hajati wa Kinubi ambaye sijawahi kuona adhuhuri ikimpita. Huyo ndiye asiyeamini?

Nilipookoka sikumaliza wiki kabla ya kumwendea. Alikuwa kibarazani anasuka vikapu vyake vya rangi. Nikakaa mkekani, nikaanza: waragi, mshahara wa jeshi ulioishia chupani, usiku niliolala mtaroni nyuma ya kambi, kisha magoti na machozi. Kanisani nilikuwa nimeshaisema mara mbili, watu wakalia. Hajati hakulia. Alilowesha ukindu, akavuta, akaendelea. Nikafika kwa Yesu, nikanyamaza, namsubiri.

"Alhamdulillahi, mwanangu," akasema. Halafu, bila kuinua macho: "Usiku ule wa mtaroni, nani alikutoa?"

Ni yeye na kijana wake, kwa toroli la kubebea maji. Na miezi ile yote wanangu walikula kwake, hadi kitinda mimba wangu akawa anaota kwa Kinubi. Kwenye ushuhuda wangu hawakuwemo. Nilikuwa nikisema "Bwana aliniinua", na sikudanganya, lakini shahidi aliyekuwepo nilimfungia nje.

Kwa hiyo nilianza na ndiyo, sasa kalamu inasita. Labda msimulie mgeni. Jirani aliyekuona umelewa, mwombe yeye akusimulie kwanza. Hapana, hilo nalo limezidi, maana mimi mwenyewe niliokolewa na maneno ya jirani, tena mlevi mwenzangu wa zamani. Basi simulia, hata kwa Hajati, mradi uwe tayari kusahihishwa. Sijui kama wachungaji watakubali.

Yeye hajabadili dini, wala sijamwuliza tena. Sikukuu ya Idi huniletea pilau. Siku hizi nikishuhudia nalitaja toroli. Mzee mmoja wa kanisa ameniomba nilifupishe hilo, "lisije likampa sifa mtu". Bado sijalifupisha.